Mke wa Popoo

Kalamgad, ngazini
11 Septemba 1986

Mke wangu Sugandha,

Salamu. Mimi mzima, nazi nzima, mbuzi wa Thaku muuza maua kala masongo mawili asubuhi hii na yeye ni mzima pia. Barua hii naandika mwenyewe kwa mkono wangu, kwa hiyo ukikuta neno limepinda usinicheke. Shule na mimi tulichokana darasa la nne.

Kwanza, goti la baba yako. Mvua zilipoanza ulisema unakwenda kumuuguza goti. Sasa dereva mmoja wa lori la vitunguu kapita hapa, kanunua nazi, kaniambia siku ya kuileta sanamu ya mungu Ganpati huko Borkhed kamwona mzee wa sharubu nyeupe anacheza mbele ya ngoma kama ana springi miguuni. Nikamuuliza, sharubu zimepinda juu? Akasema juu kabisa. Basi hilo goti unalouguza ni la kwake au la jirani?

Pili, kaa chini kwanza. Umekaa? Kiti cha moto mwaka huu ni chetu.

Unajua siku ya nane ya sikukuu ya mungu wetu Mama kule juu hekaluni anayekaa mbele ya shimo la moto, akamimina samli kwa niaba ya mji mzima, siku zote ni tajiri wa vitambaa au wa nafaka. Sisi wauzaji wa ngazini tunawauzia hiyo samli halafu tunabaki nje tunavuta moshi wa bure. Mwaka huu Motichand wa vitambaa na mwenzake wa nafaka wamegombania kiti mpaka wakakunjana mashati mbele ya sanamu. Guruji, kuhani wa hekalu, kawatoa wote. Kasema, "Kiti nawapa wanaokaa na Mama kutwa nzima. Wako pale ngazini." Majina yetu yakatiwa chunguni, likatoka langu. Thaku kasema chungu kimelewa, turudie. Likatoka langu tena.

Sasa, mtu hakai pale peke yake. Mke anakaa kuume. Mume akimimina, mke anamgusa mkono, na bila huo mkono, kasema Guruji, samli inaungua tu kama ya jikoni. Kwa hiyo njoo. Ngazi nzima inakusubiri, na Motichand anasubiri usije.

Wako,
Sopan, mwenye kiti cha moto


Borkhed
16 Septemba 1986

Mwenye nazi,

Barua yako nimeipata. Goti la baba linaendelea vizuri, lakini bado linahitaji mtu.

Umejaza ukurasa mzima. Umemtaja mbuzi, umetaja sharubu, umetaja chungu. Hujaniuliza mimi naendeleaje.

Unajua nilivyoondoka. Kama hujui, basi endelea kutojua. Kiti ni chako, kalia.

Sugandha


Kalamgad, ngazini
21 Septemba 1986

Sugandha,

Barua yako fupi kama mkia wa mbuzi. Haya, unaendeleaje? Nimeuliza.

Usihangaike na kiti, Guruji kanipa dawa. Kasema mwanamume ambaye mkewe hayupo anachukua popoo moja, ile ya kutafuna na tambuu, anaifunga kwenye kona ya nguo yake kiunoni, na kwa siku ile hiyo popoo ndiyo mke. Sheria inakubali. Nimeshamchagua wangu. Mviringo, kahawia, hana baba mwenye goti, na hanuni. Nimemweka hapa juu ya mizani, kila mteja namwambia, "Karibu, msalimie shemeji yako." Ngazi nzima haina mbavu. Hata dereva wa basi la Borkhed kamwamkia kwa mikono miwili.

Ila kazi yenyewe ngumu kuliko nilivyodhani. Kila jioni Guruji ananifundisha. Unachota kijiko cha samli, unamtaja unayempa, unamimina, halafu unasema, "Hiki si changu." Basi. Mtoto mdogo angeweza. Mimi sasa, mtu wa biashara, ulimi umezoea njia yake. Kila nikimimina natamka, "Hiki ni changu." Guruji kanigonga kichwani na kipepeo chake cha kupepea moto. Kasema, "Herufi moja, Sopan. Herufi moja ndiyo inatenga sadaka na wizi."

Nikamwambia, Guruji, nikizoea kusema "si changu" pale ngazini, mpaka saa sita mchana nazi zote zimekwenda bure na wateja wananishukuru. Kacheka, halafu kanigonga tena.

Ukibadili mawazo, popoo hana wivu. Atahama.

Sopan


Borkhed
27 Septemba 1986

Mwenye nazi,

Kwenu milimani mnafunga popoo hata mke akienda sokoni. Huku kwetu popoo kiunoni ni ya mwanamume aliyefiwa. Hakuna nyingine. Hilo ulipaswa kulijua, umeoa huku.

Dereva wa basi kamwambia mwenye kinu kwamba Sopan wa Kalamgad anafunga popoo. Mwenye kinu kamwambia Shangazi Gojara. Na sasa ni wiki za wafu, kila nyumba inawapikia watu wake waliotangulia na kuwawekea kunguru wali. Jana nasugua masufuria uani, Shangazi Gojara kaingia, ncha ya sari imemfunika uso mzima, analia kwa sauti. Kwamba Sugandha alikuwa mtoto mwema. Kwamba Sugandha alikuwa na mkono wa chapati ambao kijiji hiki hakitauona tena. Nikasema, "Karibu shangazi." Kanijibu, "Asante mwanangu, pole na msiba," akaendelea kulia. Kisha kanyanyua ile sari kufuta machozi, ndipo kaniona.

Alikuja na wali wangu kwenye jani. Na asubuhi ile nyumbani kwake kunguru walikuwa wameshakula kwa jina langu. Kasema walikula vizuri, ikaonekana nimeridhika.

Baba kacheka mpaka goti likauma kweli. Mimi nilicheka baadaye, peke yangu, nikiwa nimemaliza masufuria. Usijisifu.

Sasa nitakwambia, maana naona kweli hujui.

Asubuhi ile ya kuondoka nilikuwa nyuma ya pazia la duka, nakuletea chai. Ulikuwa na wateja. Ukawaambia, "Mke wangu kila asubuhi anampikia moto wali wa moto, mimi ananipa wa jana." Wakacheka sana. Ile chai niliimwaga pale pale, nikaenda kufunga mzigo.

Ule wali kidogo na tone la samli, juu ya moto wa kinyesi kikavu cha ng'ombe, jua linapochomoza, ulidhani ni wa nani? Binti yetu hakufika siku ya kupewa jina. Mtoto asiye na jina hana wiki ya wafu. Hana kunguru. Hakuna mtu duniani anayempikia. Nilimuuliza Guruji, kaniambia moto ni mdomo wa wote walio upande wa pili, haumuulizi mtu jina mlangoni. Basi namlisha pale.

Na hayo maneno unayoyafanyia mzaha, mimi nayasema kila asubuhi. Hiki si changu. Mwanzoni nilikuwa nasema kwa meno, vidole vimekamata wali havitaki kuachia. Nilikuwa na hasira na Mama, na moto, na wewe uliyerudi kuuza nazi siku ya tatu. Baadaye, sijui lini, nikasema na mkono ukafunguka wenyewe. Nikauangalia moshi unavyokwenda, nikaweza kuingia ndani kunywa chai kama watu. Siku nyingine haufunguki. Ndiyo maana narudia kila siku.

Wewe umejifunza maneno hayo kwa ajili ya kiti. Haya, kaa. Mfunge popoo wako.

Sugandha


Kalamgad
2 Oktoba 1986

Sugandha,

Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nimefunga duka. Thaku kadhani naumwa, maana hajawahi kuniona nikifunga duka mahujaji wanapanda.

Popoo nimemrudishia Guruji. Nimemwambia mke wangu yu hai, anasugua masufuria Borkhed, na mimi sifungi kitu kiunoni. Kasema basi huwezi kukaa. Nimesema sikai. Kaniuliza, "Una hakika? Kiti hiki ni chako." Nikamjibu si changu. Safari hii ulimi haukuteleza. Guruji kanitazama sana, hakunigonga.

Atakaa Motichand. Watu wa ngazini wamenitukana kila mmoja kwa namna yake. Thaku kaniita ganda la nazi, kasema mababu zake wamesubiri nje ya mlango ule mpaka wakafa na mimi nimeufunga kwa siku moja. Ana haki.

Sikuombi uje. Usidhani huu ni ujanja wa sokoni. Ungekuwa ujanja ningekuwa nimeshaupangia bei.

Ule utani niliutoa kwa kuwa kila nilipokuona umechutama mbele ya ule moto nilijua kuna kitu, na nikaogopa kukijua. Kucheka ni rahisi. Mimi nikishikwa na kitu kizito nakitafutia mteja.

Jambo moja tu. Tangu uondoke, ule moto haujakosa hata asubuhi moja. Siku ya kwanza nilikuta majivu yamepoa nikaona aibu, kama nyumba iliyofikiwa na mgeni na hakuna chai. Nikawasha. Naweka wali, naweka samli, ile ya kopo la ndani, si ile ya dukani. Hayo maneno ya kusema sikuyajua wakati huo, kwa hiyo nikawa nasema, "Karibu, ule." Sikujua namkaribisha nani.

Niambie wali uwe kiasi gani. Mimi naweka ngumi nzima, na yule ni mdogo.

Sopan


Borkhed
6 Oktoba 1986
(kadi ya posta)

Mwenye nazi,

Wali ni wa vidole vitatu. Ngumi nzima itamvimbisha tumbo.

Kiti usimpe mtu. Nakuja na basi la Ijumaa.

Sugandha

Na wewe mwenye posta unayesoma kadi hii, ukimaliza ipeleke.


Kalamgad, ngazini
14 Oktoba 1986

Kwa Baba yangu wa Borkhed,

Shikamoo Baba. Kadi ya binti yako imefika leo. Tarishi alikuwa kwenye sikukuu kama watu wengine. Kwa hiyo mambo yote nitakayokusimulia yalitokea mimi sijui kitu, na nisingependa uambiwe na dereva wa basi.

Jumamosi, siku ya moto, asubuhi, nimekaa kwenye nazi zangu. Watu wa ngazini hawanisemeshi. Kule juu Motichand keshaoga, kavaa hariri, mkewe yuko kuume kwake kama sanamu ya pili. Mara namwona binti yako anapanda ngazi. Basi la Ijumaa lilipasuka tairi wakalala njiani. Vumbi mpaka kwenye nyusi, mkoba mdogo wa siku tatu begani. Nikasimama. Hakunisalimia. Kasema, "Kaoge."

Nikasema, "Mke wangu, kiti nimeshakitoa."

"Nimesikia. Kaoge."

Baba, nilioga na ndoo ya maji ya maua ya Thaku. Thaku mwenyewe ndiye aliyenimwagia, kopo la kwanza kwa upendo na la pili kwa hasira aliyokuwa nayo tangu wiki ile.

Tulipofika mlango wa hekalu, wanawake wa ngazini wakauziba. Wakamwambia binti yako, hupiti mpaka utaje jina la mumeo kwa mashairi, kama bibi harusi. Unajua hajawahi kulitamka jina langu tangu tuoane. Mimi ni "wewe" au "mwenye nazi". Nikajua hapo tumekwama. Kajifuta vumbi usoni, kasema:

"Ukumbini kuna moto, mlangoni kuna nazi,
Sopan ndiye mume wangu, porojo ni yake kazi."

Bangili zilivyopigwa pale, mpaka njiwa wa paa wote wakaruka. Wakatupisha, halafu na wao wakaingia nyuma yetu. Thaku wa masongo, wauza manjano, wauza udi, wote. Hakuna aliyewazuia, walikuwa wengi mno.

Motichand akasema, "Nimeshakaa mimi." Guruji alikuwa anapanga vijiti vyake, hakuinua hata kichwa. Kasema, "Moto haujawaka. Mpaka hapa hakuna aliyekalia kitu."

Basi tukasimama tunatazamana kama jogoo. Aliyemaliza ubishi ni mke wa Motichand. Baba, yule mama siku zote nilimwona mtu wa marashi tu, hata nazi zangu alikuwa ananunua kwa ncha za vidole. Kamwangalia binti yako juu mpaka chini, kauliza, "Wewe ndiye yule wa popoo?"

Binti yako kasema, "Ndiye mimi."

"Watu wa basi walisema umekufa."

"Kuna kunguru wamekula kwa jina langu, lakini nimekuja mwenyewe."

Yule mama kasimama. Kasema, "Mimi siketi mahali pa mke aliye hai," akamshika Motichand kwa ncha ya ile hariri akamtoa kama ndama.

Tukakaa. Moto wa siku ile hauwashwi kwa kiberiti, unajua. Guruji kabana kijiti juu ya ubao, kamba ikavutwa huku na huku, wakapokezana wanaume wa ngazini, jasho linatiririka. Ulipotoka moshi watu wote walinyoosha shingo. Kisha pale kwenye tundu kikaonekana kijicho chekundu, kidogo kama punje ya mtama. Guruji kakipokea kwenye nyuzi za nazi, kakipulizia taratibu kama anamwamsha mtoto. Moto ukasimama. Jina la Mama liliitikiwa kuanzia ndani mpaka ngazi ya mwisho kule chini, na kengele juu yake. Mimi nimeuza vitu pale tangu utoto, na sauti ile nilikuwa naisikia kwa nje. Kwa ndani ni kitu kingine. Inakupitia kwenye mifupa.

Nikaanza kumimina. Mkono wa binti yako kwenye kiwiko changu. Namtaja, namimina, hiki si changu. Namtaja, namimina, hiki si changu. Nikawa naenda vizuri, Guruji anatikisa kichwa kwa raha. Halafu nikafanya kosa la kuinua macho. Nikawaona watu wetu wote wamejaa ukumbini, Thaku kasimama pale pale wanaposimamaga matajiri, machozi yanamdondoka kwenye masongo yake. Kifua kikanijaa. Nikamimina, na mbele ya mji mzima nikasema, "Hiki ni changu."

Guruji akafunga macho. Binti yako akanifinya kiwiko, Baba, alama ipo mpaka leo, nitakuonyesha. Nikarudia sawasawa. Nyuma yangu nikasikia Motichand anacheka, halafu nikasikia mkewe anamnyamazisha.

Mwisho kabisa ni ile nazi kubwa iliyofungwa kitambaa chekundu, inayotupwa nzima. Mume na mke wanaishika pamoja. Guruji kasema, kabla hamjaachia, mtajeni moyoni mnayemwombea. Mimi mambo ya moyoni siyawezi, nikasema kwa sauti. Nikasema, "Chimani."

Binti yako kageuka. Hajawahi kulisikia jina hilo, hakuna aliyewahi kulisikia. Baba, jina hilo nilimpa mjukuu wako siku ile ile aliyozaliwa, kwa kile kinywa alichokuwa anafungua kama kinda la shomoro, na chimani ndiye shomoro. Siku ya jina haikufika, nikaona haya kumwambia mtu kwamba mimi nilishampa. Nimekaa nalo mpaka Jumamosi hiyo.

Kanitazama, moto uko mbele yetu na watu wote wanangoja. Nikadhani nimeharibu. Kisha naye akaita, "Chimani," kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto ndani aje kula. Mara moja. Tukaachia.

Moto ulipanda mpaka kwenye boriti. Guruji katurudisha nyuma kwa kipepeo, anacheka, ndevu zimeungua kidogo upande mmoja. Watu wanaimba. Nimeuza nazi maisha yangu yote, na hiyo ndiyo ya kwanza iliyonitoka nikabaki nimejaa.

Baada ya hapo ngazi nzima ililishwa uani kwa Mama, kwenye mistari, kama wageni. Aliyegawa wali ni Motichand mwenyewe, mkewe kamshikisha upawa. Alipofika kwa Thaku, Thaku kamwambia, "Ongeza, kaka, usiogope, si wako." Motichand kaongeza. Na kacheka kweli, nikaona tunaweza kumzoea.

Asubuhi hizi tunauwasha wawili ule moto wa nyumbani. Vidole vitatu, nimefundishwa. Na sasa anaitwa kwa jina lake.

Haya, Baba, jambo lililonifanya nishike kalamu. Binti yako alikuja na mkoba wa siku tatu. Siku tatu zimekwisha. Asubuhi hii basi la Borkhed limepiga honi pale chini muda mrefu, yeye yuko uani anachagua mchele, hata shingo hakugeuza. Kumuuliza naogopa, kwa hiyo nakuuliza wewe. Zile nguo zake zilizobaki huko utazituma, au nizifuate mwenyewe?

Mkweo,
Sopan

Baba, huyu kaniachia pembe ndogo ya karatasi. Zitume zote. Na cherehani.
Sugandha